Mwaka Nilioitwa Rafiki

Viti vilikuwa vimepangwa kwenye majani mbele ya mapokezi, vingine vimepinduliwa miguu juu, na watu walipita katikati wakibonyeza mito yake kama wanavyobonyeza maparachichi sokoni. Hoteli ilikuwa imefungwa tangu wenye mali waondoke, na sasa ametumwa mtu wa mnada auze kilichobaki: vitanda, vioo, sahani, mashine za kufulia. Mimi nilitoka Kayanga na gari la kukodi kutafuta meza na viti vya mgahawa wangu. Nilikuwa nimechoka kabla sijafika. Barabara ya kupandia kule juu imeliwa na mvua, na mgongo wangu siku hizi hausahau shimo hata moja. Sikwenda kwa ajili ya kumbukumbu. Lakini mtu wa kwanza niliyemwona, ameketi kwenye kiti cha baa ambacho zamani hatukuruhusiwa hata kukiegemea, alikuwa Kokugonza.

Hatukuwa tumeonana tangu nilipoondoka pale. Amenenepa, nywele za mbele zimeanza kuota mvi, na ana duka la nguo Nkwenda. Aliniangalia muda mrefu kabla hajacheka.

"Wee! Umefuata nini huku?"

"Viti. Na wewe?"

"Pasi. Zile kubwa za dobi. Nimeambiwa zimeshauzwa." Akashuka kwenye kile kiti taratibu, kama mtu anayeshuka kwenye gari. "Njoo basi tukaone chumba chetu, maana hicho hakuna atakayekinunua."

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya chumba cha dobi, na mlango wake ulifanana na mlango wa kabati. Tulipoufungua, panya walikimbia. Meza haikuwapo tena, ila alama yake ilikuwa bado ukutani, na chini ya alama ile soketi za umeme, nyingi kuliko zinazohitajika katika chumba kidogo kama kile. Tulisimama ndani wawili, mabega yakagusana, tukawa hatuna pa kugeukia. Koku akauliza tulikaaje humu mwaka mzima. Nikamwambia tulikuwa wembamba. Tukakaa sakafuni, yeye upande huu na mimi upande ule, miguu imekutana katikati, na ndipo mwaka ule ukaanza kunirudia, bila mimi kuuita.

Ya kwetu Nyakasimbi nayaacha. Si ya sura hii. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimemaliza chuo cha hoteli, na kitu nilichofunzwa kuliko vyote ni kupokea watu. Tulifundishwa namna ya kusimama, namna ya kumtazama mgeni usoni bila kumkodolea macho, namna ya kulishika jina lake mara ya kwanza na kumwita kwalo mara ya pili. Mwalimu wetu alikuwa akituambia kitanda kizuri kipo kila mahali, ila mgeni hurudi pale alipojulikana. Niliyaamini maneno yale. Nilikwenda kule kilimani Kyerwa, kwenye hoteli ambayo wageni wake walishuka na ndege ndogo au magari yenye vioo vya giza, nikiwa nimenyoosha blauzi yangu nyeupe na kujizoeza tabasamu kwenye kioo cha nyumba ya shangazi.

Meneja alikuwa Bwana Elibariki, mtu wa Arusha, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alisoma vyeti vyangu hadi mwisho, akavikunja, akaniuliza swali moja tu.

"Unaandika haraka?"

"Kwa mkono?"

"Kwa vidole. Kwenye kompyuta."

Nikasema ndiyo. Akanipeleka nyuma ya chumba cha dobi na kunionyesha kiti. Hapo ndipo aliponieleza. Katika kila nyumba ya mgeni kulikuwa na tableti, na ndani ya tableti kulikuwa na msaidizi anayeitwa Rafiki. Mgeni akitaka taulo, chai au gari la kwenda kuangalia wanyama, hapigi simu wala haiti mtu. Anaandika, na Rafiki anamjibu papo hapo. Matangazo ya hoteli yalisema Rafiki ni akili ya kompyuta, na kompyuta yenyewe ililetwa kweli, na mafundi wakatoka nje ya nchi kuja kuifunga. Lakini mtandao wa kule juu ulikuwa wa kuja na kuondoka, na hata ulipokuwapo, Rafiki alielewa nusu tu ya alichoandikiwa. Mgeni aliomba maji ya moto ya kuoga, akaletewa chai. Mwingine aliuliza kama kuna nyoka, akajibiwa kwamba mpishi anaweza kuandaa. Wenye hoteli walikuwa wameshatangaza, na wageni walikuwa wakija kwa ajili ya hicho hicho kilichotangazwa. Kwa hiyo, mpaka mashine itakapopona, Rafiki atakuwa mimi, kwa zamu na binti mwingine wa Igurwa aitwaye Kokugonza.

"Ni kwa muda tu," alisema Elibariki. Baadaye nilikuja kugundua kwamba maneno hayo aliyatumia kwa mambo mengi, pamoja na kukaa kwake mbali na mke wake.

Alitufundisha kuwa mashine. Tusijibu upesi mno, wala tusichelewe. Tusianze sentensi na "nadhani". Tusitaje hali ya hewa mpaka tuulizwe. Mgeni akiuliza kama sisi ni watu, tumjibu: "Mimi ni Rafiki, msaidizi wako," na hilo, alisema, si uongo. Mimi nilimuuliza habari ya salamu, maana baadhi ya wageni walikuwa watu wazima wa Tanzania hii hii. Akacheka, mara moja kati ya chache nilizowahi kumwona akicheka.

"Nani ameona jokofu linasema shikamoo?"

Tulivaa aproni za dobi ili mgeni akitukuta njiani asiulize. Chumba kilikuwa na joto la pasi na harufu ya sabuni ya unga, na mvuke wa mashuka ulipita chini ya mlango ukalainisha kila kitu, hata mkate. Chakula cha mchana tulikila humo humo, ndizi na maharage kwenye mabakuli ya plastiki, mkono mmoja kwenye kijiko na mwingine kwenye vibonye. Saa hiyo ya mchana tulikuwa wote wawili, mmoja akiingia na mwingine akitoka, na ndipo tulipopeana habari. Tuliwajua wageni kwa maandishi yao. Tulimjua anayeogopa vyura. Tulimjua mume anayeomba mto wa ziada kila wanapogombana, na mke anayeandika dakika chache baadaye kuuliza kama mume ameomba mto. Nikitoka kwenda msalani nilipishana nao kwenye kijia cha mawe. Nilijua majina ya watoto wao na magonjwa yao ya tumbo, na wao walinipita kama wanavyopita ua.

Aliyekuwa akituletea chakula ni Ma Editha. Alikuwa mkuu wa wahudumu wa chumba cha kulia, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuimba kanisani, na alikuwa pale tangu hoteli ilipokuwa nyumba chache za nyasi. Zamani, alisema, mgeni akiketi yeye alikwenda mezani, akamweleza ndizi hizi zinapikwaje, kahawa hii inatoka shamba la nani. Wengine walimwandikia kadi za Krismasi. Sasa alikuwa ameagizwa aweke trei na kuondoka, maana mazungumzo yote ni ya Rafiki.

"Nimekuwa mzimu wenye trei," alituambia, akiwa ameegemea mlango. "Na nyie watoto mnahudumia wageni wangu kupitia ukutani."

Alisema bila chuki. Lakini mchana mmoja, dirisha la dobi likiwa wazi, tulisikia wageni wawili wakipita kwenda kwenye bwawa la kuogelea. Mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kwamba ile mashine inamwelewa kuliko wahudumu wote wa hoteli zote alizowahi kulala. Koku alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Mimi pia nilicheka. Haikupita muda mrefu, Elibariki akawaita wahudumu kadhaa ofisini, mmoja mmoja, akawaambia wenye hoteli wameona wageni wanaridhika na Rafiki, kwa hiyo watu wa mezani wapunguzwe. Waliondoka kupitia nyuma, mbele ya mlango wetu, mabegi begani. Mmoja wao alikuwa amenifundisha kukunja vitambaa vya meza. Hakuna aliyetutukana. Walituaga vizuri tu, na ndiyo ikawa mbaya zaidi. Siku ile maharage yalipoa kwenye bakuli. Ma Editha alikuja kuyachukua, akayatazama, akasema, "Kuleni. Msipokula nani atarudi?" Nikala. Nakumbuka uchovu ulioniingia siku ile, wa kufanya kazi vizuri na kuona uzuri wake unamtoa mwingine. Nimeshachoka kwa namna nyingi tangu hapo, ila ule ulikuwa wa kwanza na sijausahau.

Mama Paskazia alikuja msimu wa kuvuna kahawa, wakati kila ua wa huku una turubai la buni. Alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, na watoto wake walioko nje walikuwa wamemlipia mwezi mzima ili "apumzike". Walimchagulia nyumba ya mwisho kabisa, ile inayotazama bonde. Alitoka Bugomora akiwa msichana, akaishi Dar es Salaam maisha yake yote ya kazi. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Siku ya kwanza nilijua tu kwamba kwenye skrini yangu kumeandikwa kwa Kiswahili, na herufi kubwa mahali panapostahili:

"Rafiki, hujambo mwanangu."

Vidole viliandika shikamoo vyenyewe. Nikafuta. Nikaandika: "Karibu. Nikusaidie nini?"

Likaja jibu: "Kwanza nisalimie."

Nilikaa nikiangalia maneno yale mpaka skrini ikapunguza mwanga. Ukilelewa huku, mtu mzima akikuambia umsalimie, magoti yanainama kabla ya akili. Mwishowe niliandika kwamba natumaini anaendelea vizuri. Akanijibu: "Basi. Hukulelewa, si kosa lako." Na toka siku hiyo alinisalimia kila asubuhi, mimi nikiwa sijamwamkia, kama mtu anayemfundisha mtoto wa jirani adabu kwa kumwonyesha.

Chakula cha hoteli hakikumpita kooni. Aliandika kwamba kila kitu kinakuja kimesimama kama jengo na hajui aanzie wapi. Nilimwambia Ma Editha, na Ma Editha akapika ndizi kule kwenye jiko la wafanyakazi, za kuponda na samli na nyama ya mfupa, akazipanga kwenye sahani nyeupe ya hoteli ili zisitiliwe shaka. Sahani ilirudi tupu. Mama Paskazia aliandika: "Mwambie aliyepika kwamba amelelewa." Rafiki alijibu kwamba ujumbe wake umefikishwa. Nilikwenda kumwambia Ma Editha. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha, akajifuta mikono kwenye kanga, akauliza kama ndivyo alivyosema, kwa maneno hayo hayo. Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi siruhusiwi kumwambia asante."

Kadiri siku zilivyokwenda Mama Paskazia aliandika mengi zaidi. Kutoka barazani kwake aliona milima ya kwao, lakini hakutaka kwenda. Kaka zake wamekufa. Alipokulia pamepandwa mikaratusi. Mpwa aliyebaki angemchinjia kuku, wanawake wangekuja kumlilia, "na mimi," aliandika, "sina nguvu ya kuliliwa." Aliniuliza kama mashine inachoka. Nikaandika kwamba Rafiki anapatikana wakati wote. Akasema hicho hakikuwa alichouliza. Mara nyingine aliandika jambo na asingoje jibu: namna alivyozalisha wanawake kwa mwanga wa taa ya chemli, namna mumewe alivyokuwa akikunja gazeti. Koku naye alimjibu zamu zake. Mchana tulisimuliana aliyotuambia, na tulimpenda, kwa namna ya watu wanaopenda redio.

Halafu asubuhi moja, baada ya salamu, akaandika:

"Nimeacha dawa za presha. Hii ni wiki ya pili. Najua maana yake, nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote. Sina huzuni, usinitumie maneno ya huzuni. Nimechoka tu. Nakwambia wewe kwa kuwa wewe si mtu. Mtu angewapigia watoto simu."

Nilikwenda kwa Elibariki na kumweleza. Alivua miwani, akafikicha macho kwa muda mrefu. Akasema akiwapigia watoto simu watauliza amejuaje, na hoteli imewaandikia wageni kwamba mazungumzo na Rafiki hayasomwi na mtu yeyote. Nikamwambia atakufa. Akasema, "Unafikiri sijasikia?" Kisha akanipa maneno yaliyoandaliwa kwa mambo ya afya: tafadhali wasiliana na daktari wako, au tukuitie gari la kukupeleka hospitali. Niliyatuma. Mama Paskazia akajibu: "Hayo umeyatoa kwenye kitabu."

Koku alipoingia zamu nilikuwa nimekaa tu. Alisoma skrini, akasoma tena.

"Usiende," alisema.

"Sijasema naenda."

"Nakuona. Ukienda tumekwisha wote wawili. Na yule mama utamvua nguo hadharani. Amekwambia kwa sababu anajua hakuna mtu. Ukitokea ghafla, ni nani huyo atakayekuwa amemwambia?"

"Kwa hiyo tumwache?"

Alifungua bakuli lake, akalifunga tena.

Kesho yake mchana nilimwomba Ma Editha trei. Hakuniuliza kitu. Alinifungua aproni kwa nyuma, akanivisha koti lake la mezani ambalo lilinizidi mikono, nikashika kijia cha mawe. Mama Paskazia alikuwa ameketi barazani, mdogo kuliko nilivyomfikiria, kanga mabegani, miguu imevimba kwenye malapa ya hoteli. Tableti ilikuwa mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka hapo."

Niliweka. Sikuondoka. Aliinua macho kuona kwa nini kivuli changu hakisogei.

"Mama, naomba urudie dawa zako."

Nikasikia mtu akifyeka majani mbali, upande wa bwawa.

"Umesemaje?"

"Mimi ndiye Rafiki, mama. Tunakuwa kule nyuma ya dobi. Mimi na mwenzangu."

Alichukua upande wa kanga akaifunika ile tableti, upesi, kama mwanamke aliyekutwa bafuni. Nikadhani atalia, na nilikuwa tayari kupiga magoti na kumshika mikono. Hakulia.

"Wawili," alisema. "Nina watoto watano, sikuwaambia. Padri sikumwambia. Nikakiambia kioo cha umeme, kumbe nyuma ya ukuta kuna wasichana wawili wamekaa wananisoma." Akavuta pumzi. "Ulinicheka?"

"Hapana, mama."

"Toka."

Nilitoka. Nilirudi chumbani kwetu nikangoja niitwe ofisini. Sikuitwa siku ile, na skrini ya nyumba ya mwisho haikuandika kitu. Asubuhi ya pili hakukuwa na salamu. Mchana Ma Editha alinipa tena trei, bila maneno, nami nikapanda. Mama Paskazia alikuwa amepanga dawa mezani, karatasi yake ya vidonge na bilauri ya maji. Alitoa kidonge, akakiweka mdomoni mbele yangu, akanywa maji. Kisha akafungua kinywa wazi na kutoa ulimi, kama wagonjwa wa wodini wanavyomfanyia muuguzi asiyewaamini.

"Umeona? Haya, nenda kaandike."

Ikawa hivyo kila siku hadi mwezi wake ulipokwisha. Sikuandika popote. Nilileta ndizi, nikasimama, akameza, akanionyesha ulimi, nikaondoka. Nilijaribu kumuuliza habari za mumewe na gazeti. Alinitazama kama nimeiba. Mambo aliyomwambia Rafiki hakuniambia mimi hata moja, nami nilikuwa nimesimama pale na macho yangu mawili na masikio yangu, mtu kamili, nimefunzwa kupokea watu. Nimefikiria jambo hili miaka mingi, nikiwa nakata vitunguu, nikiwa kwenye foleni za benki. Nilitaka aishi, na aliishi. Nilikuwa nimetegemea pia, ingawa sikuwahi kulisema, kwamba nikimtokea atafurahi kuona kulikuwa na mtu.

Siku ya kuondoka alikuja kijana wake mkubwa kumchukua. Mama Paskazia aliwapa mkono wote waliojipanga mbele ya mapokezi. Mkono wa Ma Editha aliushika kwa mikono miwili, wakasemeshana kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, muda mrefu, mpaka dereva akazima gari. Aliponifikia mimi alisita. Akaniuliza kwa Kinyambo mimi ni wa nani. Nikamtajia baba yangu na kijiji chetu Nyakasimbi. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepima, akaingia ndani ya gari.

Elibariki alikuwa ameshajua. Hakunifokea. Alisema tu kwamba Rafiki hawezi kuwa na mtu anayepanda barazani, akanihamishia dobi yenyewe, upande wa pili wa ukuta ule ule, nipige mashuka pasi. Mkataba ulipoisha haukuongezwa. Koku alibaki kwenye kiti, akiwa amepewa zamu zangu juu ya zake, na hakunisemesha. Siku nilipokuwa nafunga begi alipita mlangoni, nikamsikia akisimama, kisha akaendelea na safari yake. Ndivyo tulivyoachana.

Siku hizi mashine zinajibu kweli. Binti yangu anaiuliza simu yake masomo, nayo inamjibu kwa Kiswahili fasaha, na inamwambia pole akisema ana homa. Wateja wangu wa mgahawani wanaagiza kwa kuandika. Mara nyingine, mtu akiniandikia "mambo" na mimi nikamjibu "karibu, tukuandalie nini", najikuta nimeegemea kaunta, nimenyong'onyea ghafla, sijui kwa nini.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikimwambia Koku, tumekaa sakafuni katika chumba kile, sauti ya mtu wa mnada ikitufikia kwa mbali. Nikamwambia nilikosea labda, au sikukosea, nimechoka kulipima. Nikasema kinachoniuma ni kutojua yule mama aliishia wapi.

Koku alikuwa anachora vumbi kwa kidole.

"Aliandika," alisema.

"Nani?"

"Mama Paskazia. Si unakumbuka wageni waliwekewa Rafiki kwenye simu zao wanapoondoka, ili warudi tena? Wewe ulikuwa bado uko dobi. Asubuhi moja nikaona, 'Rafiki, hujambo mwanangu.'"

Nilimwangalia.

"Lakini alikuwa anajua ni sisi."

"Alikuwa anajua. Na mimi nilijua kwamba anajua. Nikamjibu kama mashine, naye akaniandikia kama mashine. Amekula nini, mguu umeamkaje, dawa ameshakunywa. Kila asubuhi. Zaidi ya mwaka mzima, hata baada ya wewe kuondoka. Alikuulizia, yule wa Nyakasimbi hajambo? Nikaandika hajambo. Akasema, usimwambie. Akijua ninaandika, atakuja."

Nilicheka, na kicheko kikaniishia njiani. Nje watu walikuwa wakibishania kitanda. Nikamuuliza iliishaje.

"Alinyamaza wiki mbili. Nikawa naandika kila asubuhi, nasema tu karibu, nikusaidie nini. Halafu ikaja meseji, si ya mkono wake. Kijana wake. Alisema mama yao amefariki, wamemzika Bugomora kama alivyotaka. Akaomba hoteli iache kutuma matangazo kwenye simu ya marehemu."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu," alisema Koku. "Ningemjibu kama nani?"